Mfalme George wa Sita: Miguu ilipotoa onyo mapema

SIKU yenye baridi ya Januari 31, 1952, mwanamume aliyekonda, mwenye uso uliosawijika, alisimama bila kofia katika uwanja wa ndege wa London akiitazama ndege iliyokuwa ikimchukua binti yake kuelekea Nairobi.

Alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, mtawala wa himaya ambayo wakati huo ilikuwa bado inaitawala Kenya kama koloni. Umri wake ulikuwa miaka 56, ingawa waliomwona siku hiyo wangedhani ni mzee zaidi.

Siku sita baadaye alikuwa ameaga dunia. Binti yake, aliyekuwa amelala katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, akawa malkia pasipo mwenyewe kujua.

Wakenya wengi huikumbuka safari hiyo kwa sababu ya Malkia Elizabeth. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanzoni ziara ile ya nchi za mbali ilikuwa ya babake, na kwamba kwa mara ya kwanza iliahirishwa mwaka wa 1948 kwa sababu moja tu: miguu ya mfalme ilikuwa imekataa kumbeba.

Maradhi yaliyompata huitwa leo maradhi ya mishipa ya ateri ya pembeni. Ni ugonjwa wa kuziba kwa njia zinazopeleka damu miguuni, na kisa cha mfalme huyu chaonyesha jinsi unavyoweza kumnyang'anya mtu mwendo wake, utulivu wa akili yake na hatimaye uhai wake.

Miguu iliyofungwa vyuma

George wa Sita alizaliwa Desemba 14, 1895, huko Sandringham, katika jimbo la Norfolk, akapewa jina Albert. Jamaa zake walimwita Bertie. Alikuwa mwana wa pili wa mwanamfalme ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme George wa Tano, na hakuna aliyetarajia kwamba siku moja angevikwa taji. Heshima hiyo ilikuwa ya kakake mkubwa, Edward.

Utoto wake haukuwa mwepesi. Magoti yake yaligongana alipotembea, na ili kuyanyoosha alilazimika kufungwa vyuma miguuni kwa saa nyingi, hali iliyomtia uchungu na machozi. Alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, lakini walimu wakamlazimisha aandike kwa wa kulia. Juu ya hayo alikuwa na kigugumizi na maradhi ya tumbo yaliyomsumbua kwa miaka mingi.

Alipelekwa katika chuo cha wanamaji cha Osborne mwaka wa 1909. Katika mtihani wa mwisho alishika mkia. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka wa 1916 alikuwa ndani ya manowari ya Collingwood katika vita vya Jutland, na mwaka wa 1919 akahitimu kuwa rubani.

Miguu ile iliyofungwa vyuma utotoni ilikuja kuwa miguu ya mwanamichezo. Mwaka wa 1926 alishiriki mashindano ya tenisi ya Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, akicheza kwa mkono wake wa kushoto. Yeye na mwenzake walishindwa katika raundi ya kwanza, lakini hakuna mwanamfalme mwingine wa ukoo wake aliyewahi kufika hapo.

Kenya nayo iliiona nguvu ya miguu hiyo. Mnamo Aprili 26, 1923, alikuwa amemwoa Elizabeth Bowes-Lyon, mwanamke aliyekuwa ameikataa posa yake hapo awali. Mwishoni mwa mwaka wa 1924 wawili hao walifunga safari kuja Afrika Mashariki. Walizuru Kenya, Uganda na Sudan, wakatembea nyikani na kuwinda wanyama wakubwa kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa enzi hizo.

Taji asilolitaka

Aliporejea, aibu ilikuwa ikimngoja. Oktoba 1925 alitoa hotuba ya kufunga maonyesho makubwa ya himaya huko Wembley, na kigugumizi kikamfedhehesha mbele ya umati. Mwaka uliofuata alianza kumwendea Lionel Logue, mtaalamu wa usemi kutoka Australia, ambaye alimfundisha kuvuta pumzi na kupanga maneno. Polepole ulimi ukalegea.

Januari 1936 babake alifariki, na Edward akarithi ufalme. Hakuketi sana. Desemba mwaka huo huo aliuacha ili amwoe mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kupewa talaka. Albert, mtu mwoga wa kuzungumza hadharani, akajikuta mfalme. Alichukua jina la George ili kuonyesha kwamba anaendeleza kazi ya babake, na Mei 12, 1937, akatawazwa.

Miaka miwili baadaye vita vikuu vya pili vilizuka. Mfalme na mkewe walikataa kulikimbia jiji la London. Septemba 1940 kasri la Buckingham lilipigwa mabomu wakiwamo ndani. Agosti 1942 mdogo wake, Mtwala wa Kent, alifariki katika ajali ya ndege. Mfalme aliwatembelea wanajeshi Afrika Kaskazini na Malta mwaka wa 1943, na Normandy mwaka wa 1944.

Katika miaka hiyo yote sigara haikumwondoka mkononi. Alikuwa mvutaji mkubwa, kama babake alivyokuwa. Wakati huo sigara haikuhesabiwa kuwa adui. Wengi waliiona kuwa kitulizo cha neva, na hata miongoni mwa madaktari wavutaji walikuwa tele. Mtu aliyeshindana na kigugumizi na kubeba mzigo wa vita aliona ndani yake rafiki. Kumbe rafiki huyo alikuwa akizila kuta za mishipa yake kimyakimya.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, mzigo haukupungua. Nchi ilikuwa imefilisika, chakula bado kilikuwa cha mgao, na Agosti 1947 India, johari ya himaya yake, ikajitawala. Mapema mwaka huo mfalme na jamii yake walikuwa wamezuru Afrika Kusini. Alirudi akiwa amechoka na kupungua uzito.

Mwendo wakatika

Januari 1948 alianza kuhisi misuli ya miguu ikikaza na kuuma. Mwanzoni hakumweleza mtu jambo kubwa. Ni rahisi kulaumu uchovu, umri au baridi. Lakini majira ya joto yalipofika, maumivu yalikuwa hayamwondoki. Mmoja wa maofisa wake alisimulia miaka mingi baadaye jinsi mfalme, akipanda kilima kilicho karibu na kasri la Holyrood huko Edinburgh, alivyolalamika kwamba miguu yake haitaki kufanya kazi.

Kilichokuwa kikitendeka ndani ya mwili wake si kigumu kukieleza. Ateri ni mabomba yanayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Mafuta na uchafu mwingine vinapojikusanya kwenye kuta zake, njia hupungua. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita huweza kutosha. Akianza kutembea, misuli hudai damu zaidi, nayo haipatikani. Hapo shavu la mguu hukaza na kuuma mpaka mwenyewe asimame. Akipumzika kwa dakika chache maumivu hutoweka, na akiendelea na safari hurudi.

Ugonjwa ukizidi, maumivu huja hata mtu akiwa kitandani. Usiku huwa mrefu, kwa kuwa mguu uliolazwa hukosa msaada wa damu kuteremka kwa uzito wake. Ngozi hupoa, vidole hufa ganzi, na kidonda kidogo huweza kugeuka donda ndugu.

Mfalme alifika huko. Kufikia Oktoba 1948 mguu wake wa kushoto ulikuwa na ganzi mchana kutwa, na usiku maumivu yalimnyima usingizi. Kisha shida ikahamia mguu wa kulia. Na bado aliendelea na kazi. Mwezi huo huo alifungua Bunge kwa taadhima zote, amevaa joho na taji, akiwa amesimama na kutembea kwa miguu isiyopata damu ya kutosha.

Siri ya kasri

Hatimaye madaktari wake walimwita James Learmonth, profesa wa upasuaji kutoka Edinburgh aliyekuwa bingwa wa maradhi ya mishipa. Alimpima mfalme Novemba 12, 1948, na habari alizotoa zilikuwa nzito. Mishipa ilikuwa imeanza kuwa migumu na kuziba. Kulikuwa na hatari ya donda ndugu, na huenda mguu wa kulia ungelazimika kukatwa.

Wakati huo binti yake mkubwa, Elizabeth, alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mfalme aliagiza binti huyo asiambiwe lolote. Siku mbili baadaye, Novemba 14, mjukuu akazaliwa, naye ni Charles, ambaye miaka 73 baadaye alikuja kuwa mfalme. Babu yake aliipokea furaha hiyo huku akijua kwamba huenda akapoteza mguu.

Novemba 23 kasri lilitoa taarifa kwamba mfalme ana kizuizi katika mzunguko wa damu miguuni na kwamba anahitaji mapumziko kamili. Ziara ya Australia na New Zealand iliyokuwa imepangwa kufanyika mwaka wa 1949 ikaahirishwa. Raia waliomzoea mfalme aliyesimama nao kwenye vifusi vya vita walishtuka kusikia kwamba sasa yuko kitandani.

Mapumziko yalisaidia, mguu ukaokoka, lakini haukupona. Mnamo Machi 12, 1949, chumba kimoja cha kasri la Buckingham kiligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji. Learmonth alikata neva zilizo kando ya uti wa mgongo, kiunoni, ambazo kazi yake ni kuiamuru mishipa ya mguu ijibane. Zikikatwa, mishipa midogo hulegea na kupanuka, na damu ikapata vichochoro vya kupitia pale ambapo barabara kuu imezibwa.

Huo ndio uliokuwa msaada mkubwa uliopatikana. Mwaka wa 1948 daktari Mfaransa Jean Kunlin alikuwa ameanza kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe kuipitisha damu kando ya sehemu iliyoziba, lakini mbinu hiyo ilikuwa bado changa. Ile ya kuipanua ateri kutoka ndani, bila kisu kikubwa, ilianza Marekani mwaka wa 1964, na kwa mfalme ingekuwa imechelewa mno.

Upasuaji ulifaulu. Mfalme alimtunukia Learmonth cheo cha Sir.

Maisha yaliyopunguzwa

Hata hivyo, kufaulu kwa upasuaji si sawa na kurudishiwa maisha. Juni 1949, katika gwaride la kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa, ambalo kwa desturi mfalme huliongoza akiwa juu ya farasi, George wa Sita aliletwa ndani ya gari la farasi lililo wazi. Aliyecheza tenisi Wimbledon na kutembea nyika za Kenya sasa alihesabu hatua zake. Madaktari walimwonya ajiepushe na uchovu wa mwili na wa akili, maana damu ikiganda tena hatari ingekuwa kubwa.

Mtu anayepungukiwa na mwendo hupungukiwa na mengi. Matembezi ya jioni huisha, kazi hupunguzwa, wenzake huenda mbele naye hubaki nyuma akijifanya anatazama kitu. Kwa mfalme huyu, aliyekuwa na hasira za ghafla tangu ujana wake na ambaye utulivu wake ulitokana na uwindaji na mashamba ya Sandringham na Balmoral, hasara hiyo haikuwa ndogo. Aliendelea kuzisoma nyaraka za serikali na kukutana na waziri mkuu, lakini walio karibu naye walimwona akizidi kuwa na wasiwasi na kuchoka upesi.

Sayansi ya leo imeongeza jambo ambalo madaktari wa kasri hawakuwa na njia ya kulipima. Ateri za miguuni na za kichwani ni za mti mmoja. Watafiti waliolinganisha watu wenye maradhi haya na wenzao wa umri wao wamegundua kwamba, kwa wastani, wagonjwa hupata alama za chini katika majaribio ya kumbukumbu, ya umakini na ya wepesi wa kufikiri. Anayetembea kidogo hukosa mazoezi yanayofaa ubongo, na mishipa iliyoziba kwenye shavu la mguu yaweza kuwa inaziba pia shingoni.

Haimaanishi kwamba akili ya mfalme ilipotea. Hakuna linaloonyesha hivyo. Maana yake ni kwamba miguu haiugui peke yake.

Pafu, kisha moyo

Mwaka wa 1951 pigo jingine lilikuja. Kikohozi hakikuisha, na uchunguzi ukaonyesha uvimbe katika pafu la kushoto. Septemba 23, 1951, daktari Clement Price Thomas aliliondoa pafu hilo lote, na kwa mara nyingine upasuaji ulifanyiwa ndani ya kasri la Buckingham. Ilikuwa saratani. Neno hilo halikutamkwa kwa umma, na mfalme mwenyewe hakuambiwa waziwazi.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyefichwa alikuwa mgonjwa mwenyewe. Kwa kinaya cha wakati, mwaka mmoja kabla ya upasuaji huo, watafiti wa Uingereza na wa Marekani walikuwa wamechapisha matokeo yaliyohusisha sigara na saratani ya mapafu.

Novemba mwaka huo hotuba yake ya kufungua Bunge ilisomwa na mtu mwingine. Hotuba ya Krismasi, aliyozoea kuitoa moja kwa moja redioni, ilirekodiwa kipande kwa kipande kwa kuwa pumzi haikutosha. Sauti aliyoihangaikia kwa miaka 25 kuikomboa kutoka kwa kigugumizi sasa ilikuwa ikikwama kwa kukosa hewa.

Ziara ya mataifa ya mbali ilikuwa imepangwa upya, na kwa mara nyingine mfalme hangeweza kwenda. Ikaamuliwa kwamba Elizabeth na mumewe, Philip, waende badala yake, wakianzia Kenya. Ndiyo maana alikuwa pale uwanjani Januari 31, akiwapungia mkono.

Februari 5 alishinda nje akiwinda sungura katika shamba la Sandringham, mahali alipozaliwa. Jioni alikuwa mchangamfu. Alikwenda kulala, na asubuhi ya Februari 6 mtumishi wake alimkuta amefariki. Sababu iliyotajwa ilikuwa damu kuganda katika ateri ya moyo.

Huku Nyeri, Elizabeth na Philip walikuwa wameshuka kutoka Treetops na kurudi katika nyumba ya Sagana, waliyokuwa wamepewa na koloni la Kenya kama zawadi ya arusi. Mchana habari zilifika kupitia kwa waandishi na redio. Philip ndiye aliyemwambia mkewe. Jioni hiyo waliondoka Nanyuki kwa ndege hadi Entebbe, na kutoka hapo kurudi London. Malkia huyo alitawala kwa miaka 70, hadi alipofariki Septemba 8, 2022. Nyumba ya Sagana leo ni mojawapo ya ikulu ndogo za Kenya.

Zaidi ya watu 300,000 walipita mbele ya jeneza la mfalme katika ukumbi wa Westminster kabla hajazikwa Windsor, Februari 15, 1952.

Dalili ya mvua

Dalili ya mvua ni mawingu. Kati ya maumivu ya kwanza ya miguu, Januari 1948, na siku moyo ulipositishwa na damu iliyoganda, ilipita miaka minne na ushei. Mishipa ya miguuni ilitangulia kusema yale ambayo mishipa ya moyo ilikuja kuyatimiza. Madaktari wanajua leo kwamba wengi wa wenye maradhi haya hawauawi na mguu. Huuawa na moyo au kiharusi.

Duniani kote zaidi ya watu milioni 200 wanakadiriwa kuishi na maradhi haya, na walio katika hatari zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na waliopita umri wa makamo. Wengi hawajui kwamba wanaugua. Hudhani ni uzee, wakapunguza mwendo, wakaacha kwenda sokoni kwa miguu, wakakaa.

Ilhali kipimo chake ni chepesi. Daktari hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kulilinganisha na la mkononi. La mguuni likiwa chini ya sehemu 0.90 ya lile la mkono, kuna shaka ya kuziba. Kuacha sigara, dawa za kuzuia damu kuganda na za kupunguza mafuta, pamoja na kudhibiti kisukari na shinikizo, huongeza siku za mgonjwa.

Na dawa moja haiuzwi dukani: kutembea. Mgonjwa, kwa mwongozo wa wataalamu, hutembea mpaka maumivu yamzidi, akapumzika, kisha akaendelea, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi wanaofuata utaratibu huo huongeza umbali wanaoweza kwenda, na pamoja na umbali hurudi matembezi, kazi na furaha iliyokuwa imewakimbia.

George wa Sita hakupata bahati hiyo. Alitibiwa na mabingwa wa zama zake, ndani ya kasri lake mwenyewe, na bado alikufa akiwa na umri ambao wengi wangali wakifanya kazi. Alikishinda kigugumizi kwa kukikabili mbele ya watu. Maradhi ya miguu yake yalianza kwa maumivu madogo ambayo yeyote angeyapuuza, na yalipopewa jina, sigara ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.